Karata za Mama

Siku hizi sheria hairuhusu kuwasha mfumo wa zamani wa kompyuta ovyo. Ukitaka mchezo wako wa zamani, uuendeshe ndani ya kompyuta mpya, bila mtandao, na uwe na namba halali iliyobandikwa kwenye ile kompyuta ya zamani mchezo ulikotoka. Sisi tuna mchezo mmoja tu, wa karata. Tangu Mama apate kiharusi, mkono wake wa kulia haunyanyuki ila kwa kupanga karata hizo.

Mkaguzi wa serikali alipopiga hodi nilimkaribisha chai, akakataa.

"Namba iko wapi, dada? Isiposomeka, naufuta mchezo wenu."

Kwa majirani namba zote zilikuwa zimeliwa na jua. Nikamwonyesha kompyuta yetu kuukuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mama hufunika kila kitu, hata redio mbovu, na mimi humcheka. Mkaguzi akafunua. Namba ilikuwa safi, kama imebandikwa jana.

"Mama, umeitunza kuliko sisi ofisini."

"Nilikuwa nakinga vumbi tu, mwanangu. Sasa kunywa chai."

Akacheka, akanywa, akagonga muhuri. Hapo ndipo nilipopumua.

Alipoondoka nikaisoma hati. Mchezaji ni mmoja, Sikudhani binti Mbaruku, yaani Mama, na ruhusa itakoma naye. Wengine watazame tu.

Nikavuta kigoda karibu yake.

"Mama, ile kopa."

"Nimeiona, usinisemeshe," akasema, na mkono wake ukanyanyuka taratibu. Mimi mikono yangu nikaikalia, nisije nikagusa.