Shikamoo ya Mbwana

Zama hizo kila simu ya nyumbani ya intaneti ilijijibia yenyewe, kwa sauti ya mwenye nyumba, wala hakuna aliyeona ajabu. Mbwana, mkaidi kupita punda wa kubeba chokaa, aliifurahia. Ilimpokelea simu za dada yake Mwanakombo, ambaye walikuwa wamenuniana naye kwa sababu ya mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mama yao.

Jumapili moja, akiikalia mbuzi hiyohiyo jikoni, alisikia sauti yake mwenyewe ikicheka sebuleni. Udadisi ukamshinda, akaenda kunyanyua mkono wa simu.

“Dada, ni mimi. Hujambo?”

“Aka, simu imeharibika leo. Nipe Mbwana.”

“Ndiye mimi, bibi we.”

“Mbwana wangu huniamkia kwanza. Wewe ni mtambo tu unaonguruma.”

Mbwana alifungua mdomo atoe ile shikamoo aliyomnyima tangu siku ya mbuzi, lakini simu ikamtangulia, kwa sauti yake mwenyewe, ila laini zaidi.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Afadhali umerudi.”

Dada na simu wakaendelea kuongea. Mbwana alisimama na mkono wa simu sikioni, akisubiri pa kupigia hodi.