Kifua cha Nakunda

Madaktari walishindwa kukata shauri: wampasue Nakunda moyo, au wamwache? Basi wakampitisha kwenye mtambo wa nyutroni, kama sheria ilivyoruhusu. Chembe ya nyutroni hupita njia mbili kwa pamoja mradi isichunguzwe, na mtoto naye akarudi nyumbani akiwa amepasuliwa na hajapasuliwa.

"Mama Nakunda, usimwangalie kifua kamwe," fundi wa mtambo alimwonya Namsifu. "Ukishajua alikopita, njia ya pili inafutika."

Miaka mitatu Namsifu alimwogesha mwanawe kwa dodoki, wote wawili wamefumba macho. Mtoto akacheza, akanenepa. Lakini kule kutojua kulimtafuna mama. Asubuhi moja, akimvalisha sare ya shule, alifumbua macho.

Kifua kilikuwa laini, hakina kovu hata dogo.

"Mama, nasikia baridi," Nakunda alisema, na midomo yake ikaanza kugeuka bluu.

Kiangi, mume wa Namsifu, akachungulia mlangoni. "Mbona anatetemeka? Umemwangalia?"

"Sijamwangalia," Namsifu alijibu, vidole vikihangaika kufunga vifungo vya sare.