Kikopo cha Amosi

Mimi ndiye niliyelisha jeshi zima pale mpakani Kagunga. Haya, niseme ukweli: nilikuwa nauza maandazi getini.

Siku hiyo alikuja daktari wa jeshi, mama mmoja mpole, kukagua yanayowadhuru askari. Alinusa moshi wa jenereta, akachungulia kisima, kisha akagawa vikopo vya kupimia choo. Atakayekutwa na kichocho cha tumbo, basi ameoga ziwani, na kuoga ziwani walikatazwa. Atarudishwa kwao.

Amosi, askari aliyefika wiki hiyo, akanijia na kikopo kitupu.

"Bibi, niokoe. Jana niliogelea. Nijazie wewe."

"He! Mjukuu wangu, jeshi limeishiwa hata hicho?"

Lakini alikuwa ameshanisukumia kikopo mkononi. Nikamjazia, nikakifuta vizuri kwa kanga.

Daktari aliinamia hadubini muda mrefu, mezani pale pale getini, karibu na maandazi yangu.

"Amosi, ulipofika Jumatatu ulipimwa, ukakutwa safi. Leo Ijumaa humu mna mayai ya kichocho tele. Mtu akiambukizwa, mayai hayaonekani mpaka upite mwezi na zaidi. Choo hiki ni cha nani?"

"Changu, afande," akajibu Amosi, macho yote kwangu.