Oili ya Kupandia Nunguni

Injini ilinguruma, gari halikusonga. Kitonga alikanyaga mafuta tena. Nyuma, mbuzi watatu waliofungwa miguu walilia, na chini ya giaboksi oili nyekundu iliendelea kudondokea vumbi la mji wa Sultan Hamud.

"Zima," fundi Nthiwa alimwambia. "Utaiua kabisa."

Akazima, akashuka na koti lake la kuazima, jasho likimtiririka shingoni.

Mtu mwingine angekodi pikapu, akapakia mbuzi wake, akaenda zake. Kitonga hakuwa na ruhusa hiyo. Mzee Kimeu wa Nunguni, baba yake Mutindi, alikuwa amesema kwa simu mara moja tu: mbuzi wa ntheo waje leo kabla jua halijatua, na waje ndani ya gari lilelile lililowala. La sivyo, asahau.

Na mzee hakuwa amekosea, tuseme ukweli. Kitonga alikuwa amekaa na Mutindi miaka na miaka, wakapata mtoto, na kila mwaka mbuzi wa ntheo waligeuka kuwa tairi, mara shokabu, mara bima. Kwa Wakamba, bila mbuzi hao hakuna ndoa. Mwanamke hubaki wa babake hata akizaa kumi. Mutindi hakuwahi kumgombeza. Alikuwa akisema tu, basi mwaka ujao utanipeleka.

Nthiwa aliingia uvunguni, akabadilisha sili iliyokuwa ikivuja. Alipotoka aliuliza ni nani aliyetia oili nyekundu humo. Kitonga akasema ni yeye mwenyewe, wakati wa Pasaka. Ndiyo iliyokuwa dukani, na alidhani kila gari la otomatiki hunywa nyekundu, kama wanavyodhani nusu ya madereva wa mji ule. Nthiwa akatikisa kichwa. Giaboksi ya gari hili, alisema, haina gia kama zile za zamani. Ina mkanda wa chuma, na mkanda huo una oili yake.

Karanja, mwenye duka la spea, hakutaka kusikia hayo. Rafu yake ilijaa nyekundu tupu. Oili ni oili, alisema, na tayari alikuwa ameshika mtungi.

"Kwenye tambarare itaenda," Nthiwa alisema. "Ukifika mlimani mkanda utateleza. Utalala huko na hao mbuzi."

Akapiga simu Emali. Oili yenyewe ilikuwepo, ingeletwa na bodaboda, lakini huyo wa bodaboda alikuwa amebeba abiria na hakuna aliyejua angerudi saa ngapi.

Kitonga aliangalia jua. Aliogopa, tena sana. Nyumbani kwao Matinyani hema lilikuwa limeshafungwa, sufuria zimekodiwa, mchungaji ametoa Jumamosi yake, na watu wa kanisa walikuwa wakichanga mchele. Baba zake wadogo walikuwa wametangulia Nunguni asubuhi, wamekaa kwa mzee wakimngoja. Mzee akikataa, yote hayo ni bure. Atie nyekundu aondoke sasa hivi na kuomba Mungu, au angoje?

Simu ikalia. Ni dada yake, Mutanu, aliyetaka kujua Mutindi avalishwe nguo gani siku hiyo ya Jumamosi, nyeupe au ile ya samawati. Kitonga akasema ya samawati, ndiyo aipendayo. Akakata simu.

Karanja akacheka. Alisema ameona bwana harusi wengi, ila huyu anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

"Tulia, ndugu yangu. Bibi harusi hatakimbia kwa sababu ya saa moja."

"Hapana," Kitonga alisema. "Hakimbii."

Akaketi juu ya tairi kuukuu na kumtazama Nthiwa.

"Nitangoja ile yenyewe," akasema. "Nimemfanyia Mutindi kila kitu nusunusu. Hiki sitaki nusu."

Bodaboda ilifika kivuli cha duka kikiwa kimeshavuka barabara. Nthiwa alimwaga yote iliyobaki ya zamani, akatia mpya polepole kwa faneli, akawasha injini, akasogeza mkono wa gia mbele na nyuma, akapima, akaongeza kidogo. Gari likasonga. Wanawake waliokuwa wakiuza ndizi hapo nje waliona mbuzi na koti, wakampigia vigelegele. Kitonga aliinua mkono tu.

Njia nzima hakufungua redio. Milima ilipoanza alishika usukani kwa mikono miwili, akisikiliza injini, lakini gari lilipanda bila kuteleza. Macho yalimlowa, akayafuta kwa mkono wa koti.

Alipofika, jua lilikuwa limegusa mlima. Wazee walikuwa wameketi. Hakuna aliyeimba. Mlango wa mama yake Mutindi ulikuwa umefungwa, naye hakutoka kusalimia. Kitonga aliona hiyo ni haki yake.

Mzee Kimeu aliwakagua mbuzi, meno na masikio. Kisha akalizunguka gari, hatua kwa hatua. Mwishowe akaitikia kwa kichwa. Mbuzi mmoja akachinjwa, wawili wakapelekwa zizini. Nyama ilipoiva wakala, na Kitonga akala kipande chake.

Mzee alinawa mikono, akaikausha kwa kofia yake.

"Tangu leo Mutindi ni mke wako," alisema. "Kesho asubuhi nenda mochari, uwaambie baba yake amekubali. Mchukue, ukamzike kwenu."