Ukoo wa Mto Sieg

Anders Sieg alisimama katikati ya sebule ya Mzee Gitonga, kule Bredäng, Uswidi, ramani ya Ujerumani mkononi, akieleza ukoo wake.

"Mto Sieg iko hapa," alisema, akigonga ramani kwa kidole. "Sieg ni ushindi. Sisi ni watu ya ushindi."

"Kiswahili hiki ni cha Bujumbura," Gitonga alisema. "Nani alikufundisha?"

"Rafiki."

Gitonga alikuwa mjomba wa Jerioth, msichana ambaye Anders alikuwa amekuja kumposa. Mjomba alikuwa na sharti moja tu: anayetaka binti yao aeleze kwanza maana ya jina lake.

"Mimi Gitonga, maana yake tajiri," aliwaambia wageni. "Naendesha basi. Ndiyo sababu majina nayachunguza."

Watu walicheka. Jerioth hakucheka. Alikwisha kujizoesha saini mpya, Jerioth Sieg, yenye mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho.

Binamu yake Eve alikuwa akipekua simu. "Hapa wanasema jina la mto ni la kale kuliko Kijerumani. Wengine wanadhani maana yake ni maji ya kasi tu. Ushindi uko kwenye jina la ukoo, kutoka majina kama Siegfried."

"Maji ama ushindi?" Gitonga aliuliza.

"Zote mbili, Mzee!" Anders alijibu, masikio yamemwiva. "Babu yangu alizaliwa kando ya mto. Na babu yake. Miaka mia tano! Damu yangu iko ya mto ule."

Jerioth alimtazama mjomba wake kwa macho ya kuomba. Gitonga alikuna kidevu, akamtazama kijana, akaitazama ramani, kisha akalegea.

"Haya. Ukoo wenye mto na ushindi, mimi ni nani niukatae?" Akageukia jikoni. "Mama Hortense! Lete sambusa, tumepata mkwe!"

Hortense, Mrundi waliyesali naye kanisa moja, alikuwa amejitolea kuwapikia. Alitoka na sinia, aproni ikiwa na unga. Ramani ilimponyoka Anders.

Hortense aliweka sinia mezani taratibu.

"Jina hilo la Sieg Mjerumani alimwachia bibi yangu Bujumbura, pamoja na mimba," alisema. "Huyu, siku ananioa, aliitwa Svensson; Sieg alilichukua kwangu."