Sanadi ya Maji Matamu

Kisimani walikuwepo Bundi mwanafalsafa, Kinyonga mwanatasawufi, mtafuta ukweli kwa moyo, Kasuku mpokezi wa habari za wahenga, na Digidigi, aliyekuwa na kiu na mtoto mchanga.

"Masheikh, maji haya yana sumu?" aliuliza Digidigi.

"Kwanza tufasili maji ni nini," alisema Bundi.

"Hakuna kufasili. Ukweli huonjwa," alisema Kinyonga.

"Basi onja, sheikh wangu," alisema Digidigi.

"Leo nimefunga."

Kasuku aliwacheka. "Mimi sibuni, mama. Nina sanadi kamili: nimepokea kwa Kware, naye kwa Njiwa aliyeyanywa, kwamba ni matamu mno."

Digidigi aliinama anywe, kisha akasita. "Huyo Njiwa yuko wapi, nimsikie mwenyewe?"

Kasuku, mwaminifu kwa kila habari, alijibu:

"Njiwa alikufa jana, hapo hapo kisimani."