Visheti vya Idi

Siku hizo, aliyetaka kuonja kitafunio kipya supamaketi alilipa kwa ladha moja ya zamani. Mashine ilimgusa kwenye paji la uso, na kumbukumbu ya ladha hiyo ikamtoka.

Bi Mwanaiba hakuwahi kuonja. Mdogo wake, Raya, hakukosa hata Jumamosi moja: leo soda ya ukwaju, wiki ijayo biskuti za mwani.

"Dada, vile vya utotoni tulishavila," alikuwa akimwambia. "Vya nini tena?"

Asubuhi ya Idi, Mwanaiba alipika visheti kama alivyofundishwa na marehemu mama yao, akavitia iliki, akavizungusha kwenye shira ya sukari mpaka ikaganda nyeupe. Harufu ilipotanda jikoni, alimwona akilini mama akiwapa yeye na Raya vilivyovunjika kabla wageni hawajafika. Akamngoja mdogo wake kwa hamu.

Raya alitafuna kimoja, akafumba macho. Mwanaiba akasubiri amtaje mama.

"Vitamu jamani!" Raya akasema, akichukua kingine. "Hivi vipya, eti? Vimetoka lini?"



"Vimetoka leo," Mwanaiba akajibu, akamsogezea sahani yote.